Simu ya Studio Inalia

Mwenyekiti wa mkutano, ndugu watangazaji, mafundi mitambo mliojificha kule nyuma kama kawaida yenu, mabibi na mabwana. Itifaki yote imezingatiwa. Nimepewa dakika ishirini nizungumzie kufifia kwa redio za roki za mitaani nchini Marekani katika zama hizi za kusikiliza muziki kwa intaneti. Mwanzoni niliandaa chati. Jana usiku nikazifuta zote, na sababu mtaiona mwishoni. Naomba tuanzie ghalani.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Nilikuwa mwanafunzi katika jimbo la Ohio, na usiku nilipakia mizigo kwenye ghala moja nje ya mji. Zamu ilianza saa nne usiku, ikaisha saa kumi na mbili alfajiri. Tulikuwa watu tisa na redio moja ya kaseti, iliyofungwa kwa waya kwenye nguzo. Antena yake ilikuwa imevunjika, fundi fulani akaiunga kwa henga ya koti. Redio ile ilishika stesheni nyingi tu, lakini ilisikilizwa moja. Aliyethubutu kugusa kitufe cha kubadilishia alikaripiwa na watu wanane kwa pamoja.

Ilikuwa stesheni ya roki. Mimi roki siijui. Wiki za mwanzo nilisikia magitaa yakigombana, basi. Kilichonivuta ni yule mtangazaji wa usiku wa manane. Alikuwa na sauti iliyokwaruzwa na sigara, na hakuwa na haraka. Alikuwa akisema, kwa mfano, kwamba theluji imeanza upande wa magharibi wa mji, kwa hiyo mlio kwenye zamu tokeni mapema mkakwangue vioo vya magari. Sisi tulikuwa upande wa magharibi. Mtu akafungua mlango wa kupakilia, akachungulia, akarudi na theluji kichwani. Tukatazamana.

Usiku mmoja nikajipa moyo. Wakati wa mapumziko nikaenda kwenye simu ya ukutani, kando ya choo, nikapiga namba waliyokuwa wakiitaja kila baada ya nyimbo tatu. Mlio wa tatu, ikapokelewa. Na yeye mwenyewe! Akaniuliza niko wapi, nikamwambia ghalani. Tunapakia nini usiku huu? Matairi. Nataka wimbo gani? Hapo nikakwama, maana sikujua jina la wimbo hata mmoja. Nikamwimbia gitaa kwa mdomo. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akautambua. Dakika kumi baadaye sauti ile ikatoka kwenye nguzo: huu ni wa jamaa wa matairi, aliyenipigia gitaa kwa mdomo. Wenzangu walizima forklifti. Tangu usiku ule jina langu likawa Matairi, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe mtu alinisogezea kiti tulipokaa kula.

Ukiuliza leo nani aliyeziua redio za roki, wengi watakutajia Spotify, ile huduma ya kusikiliza muziki kwa intaneti. Mimi nasema mshtakiwa huyo alifika eneo la tukio akiwa amechelewa. Ushahidi wangu ni simu ya studio.

Historia yenyewe inaanza na simu. Mwaka 1964 FCC, tume ya Marekani inayosimamia mawasiliano, iliamua kwamba katika miji yenye zaidi ya watu 100,000 stesheni za FM zisiendelee kurudia tu yanayotangazwa na ndugu zao wa AM, yale masafa ya zamani zaidi. Angalau nusu ya muda wawe na vipindi vyao. Wamiliki walilalamika na kuvuta miguu mpaka 1967. Ghafla kukawa na masafa matupu yenye sauti safi, na hakuna aliyejua ayajaze na kitu gani. Huko San Francisco alikuwepo mtangazaji mmoja, Tom Donahue, mtu wa mwili mkubwa aliyechoka kupiga nyimbo arobaini zilezile za AM. Inasimuliwa kwamba alizipigia simu stesheni za FM moja baada ya nyingine kutafuta nafasi, akafika kwenye KMPX na kukuta simu yao imekatwa. Mwingine angehamia namba inayofuata. Donahue aliona kwamba watu walioshindwa kulipa bili ya simu hawawezi kuwa wagumu wa kujadiliana. Aprili 1967 akaingia hewani KMPX, akipiga albamu nzima akitaka, blues ikifuatiwa na roki, na wimbo wa dakika kumi bila kumwomba mtu radhi.

Mwaka uliofuata, Machi 1968, WBCN ya Boston ikaacha muziki wa klasiki usiku na kuingia roki. Nawaomba tukae hapa kidogo. WBCN walikuwa na kitu walichokiita laini ya wasikilizaji. Wafanyakazi wa kujitolea walikaa kwenye simu wakijibu lolote. Umempoteza paka? Piga. Unatafuta gari la kukupeleka New York ugawane mafuta na dereva? Piga. Umemeza kidonge usichokijua na kuta zimeanza kupumua? Piga haraka. Mtu akiwa Boston wakati ule hakuhesabu stesheni ile kuwa mahali pa muziki peke yake. Ilikuwa dawati la mapokezi la mji mzima, na roki ndiyo iliyokuwa ikipigwa ukumbini wakati unasubiri.

Sitaki mtoke hapa mkidhani nawasifia malaika. Mtangazaji Alan Freed, aliyeanza Cleveland mwaka 1951 kuwapigia vijana wa kila rangi muziki wa Wamarekani weusi, baadaye alinaswa katika kashfa ya kupokea fedha ili apige nyimbo za watu. Na redio za roki, zilizosimama juu ya mabega ya wanamuziki weusi, kufikia miaka ya sabini zilikuwa zimewafungia nje karibu wote isipokuwa mpiga gitaa Jimi Hendrix. Wanawake nao walikuwa na kanuni yao isiyoandikwa, kwamba msipange waimbaji wawili wa kike wakafuatana. Kijana mweusi aliyepiga simu usiku kuomba wimbo wa watu wake hakuwa na hakika ya kujibiwa nilivyojibiwa mimi. Hilo ni deni, na baadhi ya wasikilizaji walipoondoka walikuwa na haki ya kuondoka.

Tuendelee. Fedha zilipoonekana, washauri wakafuata. Lee Abrams na mwenzake Kent Burkhart waliuza katika miaka ya sabini mfumo uliosema wazi nyimbo zipi zipigwe na mara ngapi, kwa kuangalia utafiti wa wasikilizaji. Ulifanya kazi, tusidanganyane. Stesheni zilipata wasikilizaji na matangazo. Ila siku ile mtangazaji alipopewa karatasi ya nyimbo, simu ya studio iliacha kuwa na uwezo wa kubadilisha chochote. Msikilizaji aliomba, akaambiwa ndiyo, kisha akapigiwa wimbo uliokuwa tayari kwenye karatasi. Sisi tunaofanya kazi hii tunaijua mbinu hiyo. Naona wengine mnacheka kwa aibu.

Pigo kubwa lilikuja Februari 1996, Rais Clinton alipotia saini sheria mpya ya mawasiliano. Kabla ya hapo kampuni moja haikuruhusiwa kumiliki zaidi ya stesheni 40 za redio nchi nzima. Sheria ikaondoa kikomo hicho kabisa, na katika miji mikubwa kampuni moja ikaweza kushika hadi stesheni nane. Kampuni ya Clear Channel ya San Antonio, Texas, ilikuwa na makumi ya stesheni. Baada ya miaka michache ilikuwa na zaidi ya 1,200. Stesheni nane katika mji mmoja zinahitaji jengo moja, fundi mmoja, mhasibu mmoja. Halafu mtu wa hesabu akauliza swali ambalo lazima angeuliza: kwa nini tuna watangazaji wanane wa usiku?

Ndipo sauti za kurekodiwa zikaenea. Mtangazaji anakaa mji mmoja, mchana, anarekodi kwa dakika arobaini hivi maneno ya kipindi chenye urefu wa saa nne, kompyuta inayapachika kati ya nyimbo, na mji wa mbali unasikia kana kwamba yuko nao usiku. Anapewa karatasi yenye majina ya barabara na timu ya mpira ya pale, asije akaharibu matamshi. Kazi hiyo inahitaji ustadi, siidharau. Lakini hawezi kujua kwamba theluji imeanza upande wa magharibi.

Usiku wa tarehe 18 Januari 2002, treni iliacha reli nje ya Minot, North Dakota, mji wa watu wapatao 36,000. Mabehewa yalipasuka na wingu la amonia, gesi yenye sumu, likatanda juu ya nyumba watu wakiwa wamelala. Mtu mmoja alikufa, mamia wakatibiwa. Stesheni zote sita za biashara za mji ule zilikuwa za Clear Channel. Polisi walipiga simu kwenye stesheni iliyoteuliwa kwa dharura, watangaziwe watu wafunge madirisha na kukaa ndani. Simu ikalia. Hawakumpata mtu. Baadaye kampuni ilisema mfanyakazi alikuwepo jengoni, na kwamba ni polisi ambao hawakuwa wameweka sawa mitambo yao ya tahadhari. Mabishano hayo yalifika mpaka bungeni Washington. Mimi si hakimu wa nani alikosea. Ninachojua ni kwamba watu wa Minot walifungua redio gizani, wakakuta muziki unaendelea.

Sasa angalieni kalenda. Hiyo ni Januari 2002. iPod, kile kifaa cha mfukoni cha kupigia muziki, ilikuwa na miezi mitatu tu tangu itangazwe. Spotify haikuwepo, ilianza Sweden mwaka 2008 na kuingia Marekani Julai 2011. Simu ya studio iliacha kupokelewa miaka tisa nzima kabla Spotify haijatua pale.

Kisha kikaja kipimo. Zamani msikilizaji aliyechaguliwa alijaza daftari: jumatatu asubuhi nilisikiliza hiki. Aliandika alichokumbuka, na mtu hukumbuka anachokipenda. Kuanzia 2007, Philadelphia na Houston zikitangulia, kampuni ya Arbitron ilianza kutumia kifaa kidogo cha kubeba kiunoni, kinachonasa alama isiyosikika iliyofichwa ndani ya matangazo. Daftari lilikuwa limepima mapenzi. Kifaa kikapima dakika. Mameneja wakaanza kuona, au kudhani wanaona, kwamba mtangazaji akiongea sekunde thelathini watu wanatoroka, na wimbo mgeni ukianza watu wanatoroka. Amri ikashuka: ongea kidogo, usipige usichojulikana. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo katika stesheni ambayo sitaitaja. Meneja alikuwa na grafu iliyochorwa mlima na bonde, akaweka kalamu bondeni na kuniambia, hapa ndipo ulipofungua mdomo.

Nikafunga mdomo. Wote tulifunga. Tukabaki na nyimbo mia tatu zinazozunguka, matangazo ya dakika sita mfululizo, na sauti nzito ya kurekodiwa inayotaja jina la stesheni kwa mlipuko. Ndipo ikaja simu ya mkononi yenye nyimbo mamilioni, isiyo na matangazo ukilipia, inayokuruhusu kuruka usiyempenda. Tukashangaa watu wanahama! Tulikuwa tumejigeuza kuwa toleo bovu la kile kitu kilichokuja kutushinda.

Roki ilikuwa na mzigo wake wa ziada, nitaupitia haraka. Stesheni nyingi ziligundua kwamba nyimbo za zamani ndizo zisizofukuza mtu, zikahamia huko. Msikilizaji akazeeka nazo, na mwenye kununua matangazo humtaka zaidi mtu wa miaka 25 hadi 54. Vijana wakaenda kwingine; mwaka 2017, kwa takwimu za kampuni ya utafiti ya Nielsen, hip-hop na R&B ziliipita roki kuwa muziki unaosikilizwa zaidi Marekani. Bendi changa ya roki ikawa haina pa kugonga hodi redioni, na redio ikasema hakuna bendi changa.

Deni nalo. Clear Channel ilinunuliwa na makampuni mawili ya uwekezaji mwaka 2008 kwa fedha za kukopa, ikabadili jina kuwa iHeartMedia mwaka 2014, ikaomba kinga ya mufilisi Machi 2018 ikiwa na deni la zaidi ya dola bilioni 20. Cumulus, kampuni nyingine kubwa ya redio, ilishatangulia huko Novemba 2017, na nyingine, Audacy, ikafuata Januari 2024. Riba ikidai, hukati mnara, kwa sababu bila mnara huna stesheni. Unamkata mtangazaji. Januari 2020 iHeart iliwapunguza watangazaji kwa mamia katika miji mingi na kusema kazi itapangwa upya kwa vituo maalumu na akili mnemba.

Na stesheni zenyewe zikaondoka, kila moja kwa mtindo wake. WHFS, iliyolea roki eneo la Washington kwa miongo, ilizimwa Januari 2005 katikati ya mchana na kugeuka stesheni ya muziki wa Kilatini. Mashabiki walilia, lakini kulikuwa na maelfu ya watu wa eneo lile wanaozungumza Kihispania ambao siku hiyo walipata stesheni kubwa ya FM kwa lugha yao, na mimi siwezi kuwaonea wivu. WBCN, yenye laini ya wasikilizaji, ilifungwa Agosti 2009. WLUP ya Chicago iliuzwa mwaka 2018 kwa dola milioni 21.5 kwa shirika linalorusha muziki wa Kikristo, na watangazaji wakaaga kwa kupiga mfululizo wa nyimbo za kumtaja shetani na jehanamu mpaka dakika ya makabidhiano. Utani mzuri. Ila masikio yangu yalisikia humo hasira ya watu walioambiwa wahame nyumba waliyoijenga.

Inayoniuma zaidi ni WOXY, stesheni ndogo ya Oxford, Ohio, mji wa chuo. Masafa yao yaliuzwa mwaka 2004 kwa dola milioni 5.6. Hao hawakukata tamaa, walihamia intaneti, tena mapema kuliko karibu kila mtu, wakiwa na watangazaji walewale na ladha ileile. Kama intaneti pekee ingekuwa dawa, wao wangepona. Walihangaika miaka sita, wakafunga Machi 2010. Na hapa kuna jambo ambalo watu wa nje ya kazi yetu hawalijui: redio ya mnara Marekani hailipi waimbaji kwa nyimbo inazorusha, inalipa watunzi tu. Redio ya intaneti hulipa wote wawili, na kadiri unavyopata wasikilizaji ndivyo bili inavyopanda. Nadhani mwimbaji anastahili kulipwa kote kuwili. Lakini sheria hiyo ilimbana mdogo na kumwacha mkubwa apumue.

Je, wote wamekufa? Hapana. KSHE ya St. Louis imepiga roki tangu 1967 na bado iko hewani. WMMR ya Philadelphia bado ina kipindi cha asubuhi kinachowakusanya watu kambini kila mwaka kuchangia chakula, na malori yanajaa. KEXP ya Seattle, iliyozaliwa kama redio ya chuo mwaka 1972, haiuzi matangazo ya biashara. Inawategemea wasikilizaji wanaotoa mchango wao. Inasikilizwa duniani kote kwa intaneti hiyohiyo tuliyoambiwa ni kaburi. Watangazaji wake huchagua nyimbo wenyewe. Mwaka 2023 ilinunua masafa ya FM San Francisco kwa dola milioni 3.75, na Machi 2024 ikaanza kurusha huko. Mji wa Donahue.

Naona mwenyekiti ananyoosha kidole, dakika zangu zimekwisha. Nimalizie deni la zile chati.

Jana usiku, hotelini, nilikuwa nazipanga. Mkono ukaniwasha, nikatafuta namba ya ile stesheni ya ghalani. Haijabadilika. Nikapiga. Mashine ikaniambia nibonyeze moja kwa matangazo ya biashara, mbili kwa zawadi za mashindano. Hakukuwa na tatu. Nikakata.

Nikatafuta nyingine, kituo kidogo kinachoendeshwa kwa michango, nikaangalia kule kwao ni saa ngapi: saa nane na robo usiku. Ikalia mara sita. Ya saba ikapokelewa na msichana, nyuma yake gitaa linasikika. Akauliza nataka wimbo gani. Safari hii jina nililijua, nikamtajia.

Akasema ni sawa, ataupiga, ila nivumilie kidogo. Kuna mtu wa zamu ya usiku hospitalini ametangulia kuomba wake.

Asanteni kwa kunisikiliza.